Bendi Nzima: Ubeti wa Tatu

Ghati hakuwa amekosea. Nyuzi zilizokuwa zikilia kwenye spika za uwanja wa Morotonga, mjini Mugumu, zilikuwa zake mwenyewe.

Tulimwacha hapo hapo wiki iliyopita, mguu mmoja chini, mwingine bado juu ya bodaboda, gitaa mgongoni na litungu, kinubi cha Wakurya, kwapani, kapigwa na butwaa. Alikuwa amesafiri kutoka Tarime kuja kwenye tamasha kuimba wimbo ambao hakuna mtu aliyekuwa ameusikia. Sasa uwanja mzima ulikuwa ukiucheza kabla yeye hajafika. Na aliyekuwa akiuimba ni mwanamume!

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: Ghati Tomaso ndiye yule Tarime inayemwita Bendi Nzima. Hana kundi, hana meneja, hana bosi. Ana chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na mwenye mashine akizima injini akaenda kula, yeye anaanza kurekodi. Anapiga litungu, anaweka chini. Anashika gitaa, anaweka chini. Besi, kinanda, ngoma, kila kimoja kwa zamu yake, vyote kwa mikono ile ile miwili. Mwisho anaimba. Nyimbo zake zimepita mia na bado zinakuja; madereva wa bodaboda hawajaushika mmoja vizuri, mwingine umeshatoka.

Mtu wa namna hiyo humwibii wimbo kirahisi. Kwanza uupate wapi?

"Dorka," aliita bila kugeuka. "Umempa nani?"

Dorka Akello, rafiki yake na muuzaji wa nyimbo zake kutoka Tarime hadi Sirari, alikuwa akishuka kwenye pikipiki ya nyuma. Alisikiliza mistari miwili, akajishika mdomo.

"Wololo! Si hilo ni litungu lako?"

"Nimekuuliza, umempa nani?"

"Mimi? Ghati, mimi huo wimbo hata sijawahi kuusikia! Nilikuomba wiki nzima, ukaniambia ningoje kama watu wengine."

Ilikuwa kweli. Ghati akaona aibu, lakini hapakuwa na nafasi ya kuomba radhi. Vyombo vyote vya wimbo ule alivirekodi Issenye, nyumbani kwa mama yake, siku zile alizokwenda kumuuguza. Memori kadi aliisahau huko, na alipoifuata aliikuta palepale mezani. Aliamini haikuguswa.

Kumbe iliguswa.

Kwenye spika kiitikio kilirudi, na watu wakakipokea kama wamezaliwa nacho:

*Ng'ombe wamerudi, zizi limejaa,*
*mchungaji yuko wapi?*

Ghati aliushusha mguu wa pili kutoka kwenye bodaboda. Mchungaji wa wimbo ule alikuwa na jina. Alikuwa Stanslaus, kaka yake wa pekee, aliyetoka asubuhi na ng'ombe wa nyumbani wakati Ghati yuko kidato cha pili, akavamiwa na wezi wa mifugo karibu na mto. Ng'ombe walirudi wote. Stanslaus alirudi mgongoni mwa jirani, damu ikimtoka, na hakuliona jua la kesho yake. Ilimchukua Ghati miaka yote hii kuupata wimbo wa kumlilia.

"Huyo anayeimba ni Anold," Dorka alisema, amejiinua kwa ncha za vidole. "Anold wa Mugumu! Na viatu vyeupe!"

Anold aliyewahi kumwomba Ghati waunde bendi pamoja, akakataliwa. Akaja tena kuomba uchumba, akakataliwa vilevile.

Ghati alitega sikio, akisubiri ubeti wa tatu. Ndio uliokuwa moyo wa wimbo. Maneno yake hakuyatunga yeye. Aliyasikia kwa mama yake Verdiana akiomboleza peke yake jikoni, akayachukua kama yalivyo.

Ubeti wa pili ukaisha. Kiitikio. Kisha wimbo ukaelekea mwisho.

Ubeti wa tatu ulikuwa umekatwa.

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Kuiba ni kuiba, lakini kumkata mama yake kama pindo la kitambaa? Alianza kukimbia kuelekea jukwaani.

"Dada, zamu yako bado," mlinzi wa ngazi alimzuia.

"Zamu yangu ndiyo hiyo inayoimbwa!"

Akampiga kumbo la litungu, akapanda.

Muziki ulizimwa ghafla. Anold aligeuka, na alipomwona Ghati uso wake ulibadilika. Ghati alitegemea kuona aibu, au jeuri. Alichokiona kilikuwa hofu.

"Ghati, shuka," Anold alinong'ona, kafunika maiki kwa kiganja. "Nakuomba. Nitakueleza nyuma ya jukwaa."

"Nieleze hapa, watu wasikie."

"Hapa hapana."

"Kwa nini hapa hapana? Mwizi ana pahala pake pa kuongelea?"

Maneno yale yaliingia kwenye maiki. Uwanja ukachafuka. "Mwizi!" walipaza sauti wa upande huu. "Wivu tu huo!" wakajibu wa upande ule. Kopo la maji likaruka na kutua miguuni pa Ghati.

Aliyeokoa hali alikuwa Gidion, mwandaaji wa tamasha na mshereheshaji wake. Alikuja katikati yao, kainua mikono yote miwili. Ghati alipumua. Huyu alikuwa mtu wake. Gidion alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa Stanslaus, na baada ya matanga ndiye aliyemletea Ghati gitaa la kwanza maishani mwake, akamwambia: rekodi peke yako, mdogo wangu, usimwamini mtu. Na ndivyo alivyoishi.

"Wananchi, tulieni!" Gidion alisema. "Anold, wimbo huu ni wa nani?"

Jasho lilikuwa likimtiririka Anold mpaka kwenye kola. Alitazama chini, akatazama juu.

"Wangu," alisema.

"Muongo!" Ghati alimfokea. Akamgeukia kijana wa mitambo. "Irudishe ile sekunde ya mwisho kabisa. Pale uzi wa litungu unapokufa. Weka sauti juu."

Kijana alimtazama Gidion. Gidion alitikisa kichwa kukubali.

Uzi wa mwisho ukalia kwenye spika, ukafifia, ukafifia. Halafu, mbali nyuma yake, sauti ya mwanamke mzee ikasikika, iliyochoka kusubiri:

"Ghati! Acha hayo makelele, ugali unapoa!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Wanawake walipiga vigelegele. Watu wa Issenye waliokuwa wamejaa upande wa goli walianza kuita, "Mama Stanslaus huyo! Huyo ni Mama Stanslaus kabisa!"

Anold aliinamisha kichwa. Mchezo ulikuwa umekwisha.

"Uwanja ni wako, mdogo wangu," Gidion alisema, akampa maiki.

Ghati aliliegemeza litungu kifuani. Vidole vilijua njia.

"Wameukata ubeti mmoja," aliwaambia watu. "Ubeti wa mama yangu. Ndio ninaouimba sasa."

Anold aliruka kama aliyechomwa na moto. Alizishika nyuzi za litungu kwa mkono wote.

"Ghati, kwa jina la Mungu. Wimbo chukua. Jina langu lichafue unavyotaka. Lakini ubeti wa tatu usiuimbe!"

"Toa mkono wako."

"Hujui unachokiimba!"

"Nimesema toa mkono!"

Gidion alimvuta Anold pembeni. Ghati akafumba macho, akaimba:

*Mgongo uliokubeba, mwanangu,*
*ndio uliokuuza.*
*Bega ulilolilalia*
*ndilo lililokuua.*

Aliimba kama hajawahi kuimba. Mama yake alipoyasema yale jikoni, Ghati alielewa kwamba anajilaumu mwenyewe. Mgongo uliombeba Stanslaus akiwa mtoto mchanga ulikuwa wa nani kama si wa mama? Mama aliyemtuma machungani siku ile. Hivyo ndivyo alivyoelewa, na hivyo ndivyo alivyoulilia.

Alipofumbua macho alisubiri vigelegele.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Ukimya ulikuwa umeanzia upande wa goli, kwa watu wa Issenye, na ulikuwa ukisambaa. Na hawakuwa wakimtazama yeye. Kichwa kimoja baada ya kingine kilikuwa kikigeukia turubai la wageni, kwenye kiti cha mbele, kiti cha mgeni rasmi.

Pale alikuwa ameketi mzee Erasto. Mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye malori, mfadhili wa tamasha lile. Jirani yao wa miaka yote. Mtu ambaye Issenye nzima ilimheshimu kwa jambo moja kuliko mengine yote: siku ile ya wezi, yeye ndiye aliyewarudisha ng'ombe. Na yeye ndiye aliyembeba Stanslaus mgongoni mpaka nyumbani.

Mgongo uliokubeba.

Ghati alirudi nyuma hatua moja.

"Sasa umeelewa?" Ilikuwa sauti ya Anold, nyuma ya sikio lake, imekauka. "Mama yako ndiye aliyeniletea ile kadi. Alikuja kwa miguu mpaka barabarani, akapanda bodaboda kunifuata Mugumu, na homa yake ile. Akaniimbia maneno niyashike, akaniambia, mwanangu, uimbe huu wimbo kabla Ghati hajauimba, na huu ubeti uutupe. Anasema wewe wimbo ukishaimbwa na mtu mwingine huugusi tena."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Angekuambia, ungenyamaza wewe?"

Ghati aligeuka kumtazama. Anold alikuwa amekubali kuitwa mwizi mbele ya mji wake wote, na yeye alikuwa amembebesha hilo jina kwa furaha.

Chini, mzee Erasto alikuwa amesimama.

Hakukimbia, wala hakukasirika. Alitengeneza kofia yake, akatabasamu, akatoa noti mfukoni na kuanza kutembea kuelekea jukwaani, taratibu, kama mgeni rasmi yeyote anayekwenda kumtuza msanii. Watu wakampisha njia. Alipanda ngazi moja moja.

"Shikamoo, mzee," Ghati alijikuta akisema. Mazoea ya utotoni hayaulizi ruhusa.

"Marahaba, mwanangu." Erasto alimbandika noti kwenye bega, kisha akainama sikioni mwake. Alinukia sabuni nzuri. "Umeimba vizuri sana. Mama yako yuko kwenye gari langu. Niliposikia utamwimbia Stanslaus, nilimpitia Issenye asubuhi nimlete akusikilize, nikamfungia milango asisumbuliwe na watu. Sasa sema kwenye maiki kwamba ubeti ule ni wa kutunga tu, hauna maana yoyote. Ukishasema, tutakwenda nyumbani pamoja. Mimi, yeye na wewe."

Akajitenga, bado anatabasamu, akampungia mkono umati. Wachache walipiga makofi kwa kutojua.

Ghati aliitazama maiki. Aliutazama mstari wa magari kule nyuma ya turubai. Lile la mzee Erasto, jeupe, refu, lilikuwa la mwisho, limeegeshwa peke yake karibu na miti. Hata angekimbia akafika wa kwanza, milango ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mzee.

Maishani mwake mwote Ghati alikuwa amefanya kila kitu peke yake. Ngoma yake, besi yake, sauti yake. Hakuwahi kumwomba mtu hata amshikie uzi. Sasa mbele yake palikuwa na watu uwanja mzima, na yeye peke yake hakutosha.

Akaisogeza maiki mdomoni.

"Ndugu zangu," alisema, sauti imetulia kupita alivyotegemea. "Mzee Erasto ananiambia mama yangu, Mama Stanslaus, amefungiwa ndani ya gari lake. Ananiomba twende sote tukamfungulie."

Tabasamu la Erasto liligandia palepale.

"Sikusema hivyo," alisema kwa sauti ya chini.

"Umesema, mzee. Nashukuru sana." Ghati alikuwa ameshaanza kupiga litungu. "Twendeni, jamani. Na tuimbe tukienda."

Dorka ndiye aliyeelewa kwanza. "Twendeni!" alipaza sauti kutoka chini, akafunga khanga kiunoni. "Mnangoja nini? Mama wa watu anachemka ndani ya gari!"

Wanawake wa Issenye wakainuka. Wakafuata wa Morotonga. Wakafuata bodaboda, wakisukuma pikipiki zao. Ghati alishuka ngazi akipiga nyuzi, na uwanja ulimpokea, kiitikio kikapanda kutoka pande zote, kikubwa kuliko spika yoyote aliyowahi kuisikia. Hakuhitaji kuimba. Walikuwa wakimwimbia.

*Ng'ombe wamerudi, zizi limejaa,*
*mchungaji yuko wapi?*

Mzee Erasto alikuwa katikati yao, kabanwa huku na huku, anasukumwa mbele apende asipende.

Mkono ukatua begani kwa Ghati. Aligutuka.

"Ni mimi," Gidion alimwambia. "Twende, mdogo wangu. Sibanduki ubavuni pako."

Ghati alitaka kulia kwa faraja.

Kwenye gari jeupe, nyuma ya kioo kilichopandishwa, uso wa Verdiana ulionekana mdogo, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho. Alikuwa amekiweka kiganja kwenye kioo.

"Fungua, wewe mura," mwanamke mmoja mtu mzima alimwamuru Erasto, akimwita kijana kama anayemkemea mtoto wa jirani.

Erasto alichelewa. Umati ukasogea. Ufunguo ukatoka mfukoni, gari likalia mlio mfupi, na mlango ukafunguka.

Verdiana alishuka mwenyewe, akikataa mikono iliyomnyookea. Alikuwa anatetemeka kwa homa, lakini alisimama wima. Wimbo ukafa wenyewe. Alimtazama bintiye kwa muda mrefu.

"Umeuimba," alisema.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Nilikuwa nakusikia humu ndani. Nimenyamaza miaka yote nikidhani nakulinda. Sasa nimechoka kunyamaza." Akawageukia watu. "Stanslaus alinifia mikononi, mnalijua hilo. Msilolijua ni kwamba aliongea. Aliniambia, mama, huyu aliyenibeba ndiye aliyenipiga. Nilimtambua, akanipiga."

Umati ulivuta pumzi kwa pamoja.

Mzee Erasto alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyezoea kuaminiwa. "Jamani, mama ana homa. Mwenye uchungu wa mtoto husema lolote. Mimi niliyewarudisha ng'ombe wake, mimi?"

"Sijamaliza, Erasto," Verdiana alisema.

Kicheko kikakatika.

"Mwanangu aliniambia walikuwa wawili."

Hapo Erasto alifanya kosa moja dogo. Hakumtazama mama mwenye kusema. Macho yake yaliruka, haraka, yakapita juu ya bega la Ghati, yakarudi. Lakini Anold aliyaona. Dorka aliyaona. Ghati aliyaona.

Verdiana aliinua mkono wake uliokonda na kunyoosha kidole. Hakumwelekezea Erasto.

"Ghati, mwanangu," alisema polepole, kama mtu anayemwona nyoka karibu na mtoto. "Sogea. Toka hapo uliposimama."

Ghati alitaka kusogea. Hakuweza.

Ule mkono wa Gidion begani kwake ulikuwa umekaza.